Blakiberi kwa Bustani ya Nairobi: Inayotambaa, Inayosimama, au Inayozaa Kwenye Ufito Mpya?

Ukisimama kwenye vitalu vya miche vya kando ya Ngong Road ukauliza blakiberi, mara nyingi utaulizwa kama unataka yenye miiba au isiyo na miiba. Ni swali la haki, lakini haliamui kama utakula matunda. Kuna blakiberi Nairobi zilizofunika ua mzima, majani yamenona, na msimu wote zinatoa konzi mbili tu. Mmea hauumwi. Ni kwamba unadai baridi ambayo mji huu hauna, na aliyeuchagua hakuambiwa.

Ili ulinganishe vizuri, jua kwanza mmea unavyoishi. Mizizi ya blakiberi hukaa miaka kumi na zaidi, lakini kila ufito unaochomoza ardhini una maisha ya misimu miwili. Msimu wa kwanza unarefuka na kuvaa majani. Wa pili unatoa vitawi vya pembeni, maua na matunda, kisha unakauka hadi chini, huku fito changa zikiwa zimeshaota kuchukua nafasi yake. Blakiberi nyingi duniani huenda hivyo. Kundi moja dogo, lililotokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arkansas nchini Marekani, linazaa mapema zaidi: ufito hutoa maua nchani katika msimu ule ule uliochomoza. Aina za mwanzo za kundi hilo, Prime-Jim na Prime-Jan, zilitolewa mwaka 2004.

Kwa hiyo tunapima makundi matatu.

Zinazotambaa zina fito ndefu laini zisizoweza kujisimamisha, kama Marion na boysenberry. Tunaziweka pamoja na zile za nusu-kusimama, kama Loch Ness na Chester, kwa sababu nazo hupinda na kudai waya. Zinazosimama zina fito ngumu: Ouachita, Navaho na Apache hazina miiba, Natchez nayo haina ingawa huinama kidogo, ilhali Brazos na Tupy zina miiba. Kundi la tatu ni zinazozaa kwenye ufito mpya: Prime-Ark 45 yenye miiba, na Prime-Ark Freedom na Prime-Ark Traveler zisizo na miiba.

Vigezo ni vitano: baridi inayodaiwa, nafasi na waya, kazi ya kupogoa, mavuno na ladha, halafu maadui. Cha kwanza kina uzito kuliko vingine vyote.

Baridi

Wakulima wa matunda ya nchi za baridi huhesabu saa ambazo joto liko chini ya nyuzi 7. Saa hizo ndizo zinazoyaamsha macho ya ufito wa msimu wa pili, yaani vichipukizi vilivyolala, ili yachanue kwa pamoja. Nairobi iko kwenye mita 1,600 hadi 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na hata usiku wa Julai kwa kawaida hauteremki chini ya nyuzi 10. Kwa hesabu hiyo saa zetu ni karibu sifuri. Limuru na Tigoni, zilizo juu ya mita 2,000, zina baridi zaidi, lakini nako usitarajie mamia ya saa.

Aina isipopata baridi yake haifi. Macho ya katikati ya ufito yanabaki yamelala, mawili matatu ya nchani ndiyo yanayoamka, na maua yanatoka kwa kudondoka, moja leo na jingine baada ya wiki mbili.

*Zinazotambaa na nusu-kusimama.* Hapa ndipo penye hatari kubwa. Nyingi zilizalishwa kwa ajili ya majira ya baridi halisi: Marion ilitoka Oregon, Loch Ness ikatoka Scotland. Zinaweza kukua vizuri mno Nairobi na zisizae. Kinachosaidia ni kuulaza ufito kwenye waya badala ya kuuacha wima. Ufito ulio wima huipa ncha mamlaka juu ya macho ya chini. Ukilazwa, macho mengi zaidi huamka.

*Zinazosimama.* Hapa zinatofautiana sana. Apache na Navaho hudai saa 800 hadi 900, kwa hiyo ziache. Natchez na Ouachita ziko kwenye 300 hadi 400, ambazo bado hatuna, lakini pengo linaweza kuzibwa kwa kazi ya mikono. Brazos, iliyotolewa Texas mwaka 1959, na Tupy, iliyotolewa Brazil na taasisi ya Embrapa mwaka 1988, hudai saa chache kuliko hizo. Tupy ndiyo iliyojenga kilimo kikubwa cha blakiberi katika jimbo la Michoacán, Mexico, ambako pia baridi ni haba. Wakulima wa huko huunyang'anya mmea majani yake ili udhani majira yamebadilika. Njia hiyo inafaa hata nyumbani, na tutaieleza kwenye kupogoa.

*Zinazozaa kwenye ufito mpya.* Matunda ya ufito mpya hayasubiri baridi. Adui wao ni joto: maua yakikutana na siku nyingi za zaidi ya nyuzi 30, chavua hudhoofika na tunda huwa na mapengo. Nairobi haifiki huko mara kwa mara, hata Februari na Machi, kwa hiyo kwa kigezo hiki hali yetu inalikubali kundi hili vizuri.

Nafasi na waya

*Zinazotambaa* ni za mtu mwenye ukuta mrefu au ua. Panda kwa umbali wa mita 1.8 hadi 2.5 kati ya mche na mche. Simika nguzo za mita 2.4, uzike sentimita 60, na ziachane mita 5 hadi 6. Funga waya wa milimita 2.5 kwenye urefu wa sentimita 90 na 150 kutoka ardhini. Nguzo za mwisho zipewe mwegamo imara, maana fito zilizobeba matunda na maji ya mvua ni nzito na huvuta waya hadi nguzo inainama ndani. Ncha ikigusa udongo huota mizizi yenyewe. Njia hiyo ni rahisi ya kupata miche, na pia ni njia ya kupoteza bustani usipoangalia.

*Zinazosimama* hupandwa kwa mita 0.9 hadi 1.2. Vitabu husema zinaweza kuishi bila waya, lakini mvua za masika zinapokuja na upepo, ufito wenye matunda huvunjika kwenye shina. Weka waya miwili sambamba, mmoja kila upande wa mstari, kwenye urefu wa mita moja, ili fito zisimame katikati. Kundi hili hutoa machipukizi kwenye mizizi, hata nusu mita kutoka mahali ulipopanda. Mstari usizidi upana wa sentimita 30; kinachochomoza nje ya hapo kinang'olewa, hakikatwi tu.

*Zinazozaa kwenye ufito mpya* hupandwa kwa umbali huo huo na kufungwa waya ule ule. Kwa kuwa fito hukatwa zote kila msimu, mmea haupati nafasi ya kuwa kichaka. Ndilo kundi linalokaa vizuri zaidi kwenye chombo.

Makundi yote matatu yanataka jua la saa 6 au zaidi. Hili linasahaulika sana kwenye ploti zilizozungukwa na maghorofa. Kabla ya kuchimba shimo, angalia kivuli cha jirani saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Kupogoa

Hapa ndipo mmea mzuri unapoharibiwa na mkasi mzuri. Kosa kubwa kuliko yote Nairobi ni mtunza bustani kufyeka kila kitu hadi chini kwa nia ya kusafisha. Kwa kundi la tatu hilo ni sahihi kabisa. Kwa mawili ya kwanza umetupa mavuno ya msimu mzima. Andika kwenye kibao kilichofungwa kwenye nguzo: «kata fito zilizozaa pekee» au «kata zote». Kibao hicho kitaokoa matunda mengi kuliko mbolea.

*Zinazotambaa.* Gawa waya wako pande mbili. Fito zinazozaa msimu huu zifungwe kulia, changa zielekezwe kushoto zinapochomoza. Matunda yakiisha, zilizozaa zinakatwa kwenye usawa wa ardhi na kuvutwa nje. Bakiza changa 8 hadi 10 kwa mmea unaotambaa, na 4 hadi 6 kwa wa nusu-kusimama, ukichagua zilizo nene. Kazi hii haina akili nyingi ila inachukua muda, na kwa aina za miiba unahitaji glavu za ngozi na mikono mirefu.

*Zinazosimama.* Ufito mpya ukifika mita moja, vunja ncha yake laini, sentimita 3 hadi 5 tu, kwa vidole. Ukichelewa hadi iwe ngumu ukaanza kukata kwa mkasi, kidonda ni kikubwa na ugonjwa huingilia hapo. Baada ya kuvunjwa ncha ufito hutoa matawi ya pembeni. Bakiza fito 4 hadi 6 kwa mmea.

Kisha huja kuondoa majani. Fito zilizokua wakati wa masika huwa zimekomaa kufikia Julai. Mwanzoni mwa Julai punguza maji kwa wiki mbili au tatu, bila kuuacha mmea unyauke. Mwisho wa mwezi fupisha matawi ya pembeni yabaki sentimita 30 hadi 45, halafu ng'oa majani yote kwa mkono, ukivuta kuelekea juu ili usitoe na jicho. Rudisha maji kamili na mbolea. Macho yakiitika, utaona vichipukizi Agosti na maua Septemba. Udhaifu wa ratiba hii ni kwamba matunda huiva Novemba, katikati ya mvua za vuli, wakati ukungu uko kwenye kilele chake. Mwenye nia ya dhati ataweka paa jepesi la nailoni ya grinihausi juu ya mstari, pande zikiwa wazi.

*Zinazozaa kwenye ufito mpya.* Mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kata kila kitu kwenye usawa wa ardhi. Machipukizi mapya yakifika sentimita 50 vunja ncha, na matawi yatakayotoka yavunjwe tena yakiwa na nusu mita hivi. Bila kuvunja ncha, maua hukusanyika juu kabisa pekee. Ukivunja, kila tawi linakuwa na shada lake. Kila uvunjaji huchelewesha mavuno kidogo. Hesabu miezi minne hadi sita kutoka kukata hadi kuchuma, kwa hiyo mmea uliokatwa Agosti hutumia mvua za vuli kukua na huivisha kuanzia Januari, katika ukavu. Hiyo ndiyo faida ya kupogoa ambayo makundi mengine hayakupi: wewe ndiye unayepanga tarehe. Wenye mistari miwili wanaweza kukata mmoja Agosti na mwingine Februari ili kuchuma mara mbili kwa mwaka.

Usipokata, sehemu ya chini ya ufito ile ile inaweza kuzaa msimu wa pili kama blakiberi ya kawaida, lakini sehemu hiyo nayo inarudi kwenye swali la baridi, na inagombea chakula na fito changa. Nyumbani Nairobi, kukata zote ndiyo njia yenye uhakika zaidi.

Kwa kundi lolote, chovya mkasi kwenye klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Mavuno na ladha

Katika nchi zinazozipa baridi ya kutosha, za nusu-kusimama zilizokomaa hutoa kilo 5 hadi 10 kwa mmea, na zinazosimama kilo 2 hadi 4. Zinazozaa kwenye ufito mpya hutoa kilo 1 hadi 2. Nambari hizo hupinduka Nairobi: kundi la kwanza linaweza kushuka chini ya la tatu kwa sababu macho hayakuamka. Kilo moja ya uhakika ina thamani kuliko kilo nane za kwenye kibandiko cha mche.

Muda wa kusubiri pia unatofautiana. Makundi mawili ya kwanza hayazai msimu wa kwanza. La tatu linaweza kukupa matunda machache ndani ya mwaka ule ule uliopanda.

Kwa ladha, haki itendeke: zinazotambaa ndizo zenye harufu nzuri kuliko zote, na mbegu zao hazisumbui sana mdomoni. Anayepika jamu na anayekaa juu milimani ana sababu ya kuzijaribu. Ouachita ni tamu na tunda lake hukaa vizuri baada ya kuchumwa. Natchez ni kubwa, nayo huweza kubaki na uchachu ikichumwa mapema. Tupy ni kubwa na ngumu, tunda la biashara. Katika kundi la tatu, Freedom ina matunda makubwa lakini laini, ya kula siku hiyo hiyo; Traveler ni gumu zaidi na huvumilia safari.

Blakiberi haiivi baada ya kuchumwa. Nyeusi inayong'aa bado ni chachu. Subiri weusi ufifie kidogo na tunda liachie kwa kuguswa tu. Chuma asubuhi kabla jua halijapanda, kwenye chombo kipana kisichozidi matabaka mawili, na uweke frijini bila kuosha. Yakichumwa wakati wa joto na kurushwa kwenye ndoo, baadhi ya vipunje hurudi kuwa vyekundu kufikia jioni.

Maadui

Anayestahili kuogopwa ni nzi mdogo aitwaye Drosophila suzukii, ambaye ameshathibitishwa kuwepo Kenya. Nzi wa kawaida wa matunda hufuata tunda lililooza. Jike wa huyu ana kifaa chenye meno kama msumeno, naye hupasua tunda linaloanza kuiva na kutaga ndani. Ukiona tunda zuri limelegea upande mmoja, na ukilibonyeza linatoa maji na kifunza cheupe, ni yeye. Dawa ya kwanza ni ndoo: chuma kila siku ya pili bila kukosa, na usiache hata tunda moja lililoiva kupita kiasi, juu wala chini. Yaliyoharibika yafungwe kwenye mfuko wa nailoni na kuachwa juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Neti yenye matundu yasiyozidi milimita 1 humzuia, ilimradi ufunge baada ya maua kuchavushwa, maana humzuia na nyuki pia.

*Zinazotambaa* huumia zaidi na ukungu wa kijivu, kwa sababu majani yao ni mengi na hewa haipiti. Kuchuma ndani ya kichaka hicho kila siku ya pili nako ni shida, kwa hiyo nzi hupata makazi.

*Zinazosimama* hupata hewa, lakini kwenye ratiba ya Julai matunda huangukia vuli.

*Zinazozaa kwenye ufito mpya* hukatwa zote na kuondolewa bustanini, na pamoja nazo huondoka magonjwa mengi ya fito. Shida yao ni ukavu wa Januari na Februari: utitiri hujaa chini ya majani, ambayo huchukua rangi ya shaba. Lowesha upande wa chini wa majani kwa maji ya nguvu asubuhi, mara mbili kwa wiki, kabla ya kufikiria kunyunyiza dawa.

Ndege hawachagui kundi. Kuzumburu na shore watamaliza shada kwa asubuhi moja, na kwa wakazi wa Karen, Runda na Gigiri kuna kima ambao neti ya ndege haiwasumbui hata kidogo. Kwa kima kinachofaa ni kizimba cha waya chenye paa. Chuma pia kwa ajili ya msitu: ndege hubeba mbegu, na blakiberi za kigeni zimegeuka magugu makali katika nchi kama Australia. Anayeishi karibu na Karura au Oloolua asiache matunda yadondoke, wala asitupe fito mtoni.

Ukiona unga wa rangi ya chungwa umefunika upande wa chini wa majani machanga, na machipukizi ni membamba na yamejikunja, huenda ni kutu ya chungwa. Haina tiba, kwani hukaa ndani ya mmea wote. Ng'oa na mizizi yake.

Udongo, chombo na maji

Hapa makundi yote yanadai sawa: udongo usiotuama maji, wenye pH 5.5 hadi 6.5. Udongo mwekundu wa Karen, Kabete na Kikuyu unakaribia hapo wenyewe. Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa, na upande mche kwenye kimo kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Samadi mbichi huchoma mizizi.

Udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau na Kitengela hushika maji masika na kupasuka kiangazi. Mizizi huoza mwezi wa Mei, na mwenye bustani huona mmea unanyauka ilhali chini ni tope. Akiongeza maji, anaumaliza. Huko panda kwenye tuta la kimo cha sentimita 30 hadi 40, au kwenye chombo. Kabla ya gharama hizo, peleka udongo upimwe kwenye maabara ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Kabete.

Chombo kiwe cha lita 40 au zaidi. Nusu ya pipa la lita 200 ni bora, likitobolewa matundu manane hadi kumi chini na kuinuliwa juu ya matofali. Mtungi wa lita 20 utakubeba msimu mmoja, kisha mizizi itajaa. Jaza udongo mwekundu sehemu mbili, mboji moja na mchanga mnene moja.

Maji ni lita 25 kwa kila mita mraba kwa wiki, mara mbili ya hapo matunda yakiwa yanajaa, na matandazo ya majani makavu au nyasi ya sentimita 5 hadi 10 yasiyogusa shina. Chombo hutaka maji karibu kila siku wakati wa kiangazi, na penye mgao wa maji hilo ni la kuhesabiwa mapema. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana sodiamu na magadi. Majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, shuku hayo maji na uchanganye na ya mvua.

Mbolea: gramu 30 za CAN (mbolea ya naitrojeni) kwa mmea wiki sita baada ya kupanda, na gramu 60 kila baada ya kupogoa kwa mmea uliokomaa, ikisambazwa sentimita 30 kutoka kwenye shina. Ukizidisha utapata majani mazuri na matunda laini yanayooza haraka.

Kabla ya kulipia mche

Uliza jina la aina, siyo «ya kutambaa» tu. Muuzaji asiyelijua jina hawezi kukuambia kama ukate fito zote au zilizozaa. Hakikisha pia si mforosadi, ambao ni mti wenye majani mapana na hauna miiba. Jani la blakiberi limegawanyika vipande vitatu hadi vitano. Epuka miche isiyo na miiba iliyotokana na vipande vya mizizi ya aina usiyoijua, kwa sababu baadhi hurudi kuwa na miiba. Na fito usiibebe kwenye sanduku kutoka ng'ambo: kuingiza miche kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na ugonjwa mmoja mpya huenda mbali kuliko bustani yako.

Kwa hali yako

Una roshani Kilimani au paa la ghorofa lenye jua: chukua inayozaa kwenye ufito mpya isiyo na miiba, Traveler ikipatikana, mche mmoja kwa nusu pipa. Mimea miwili inatosha kwa bakuli la familia, si kwa jamu.

Una robo ekari ya udongo mwekundu Karen, Lavington au Kabete, na unapenda kazi ya bustani: zinazosimama zina nafasi. Anza na Tupy au Brazos kama miiba haikusumbui, Ouachita au Natchez kama kuna watoto. Kubali kung'oa majani kila Julai. Usipokuwa tayari kwa hilo, hamia kundi la tatu.

Uko Limuru au Tigoni, au juu ya Kikuyu: hapo pekee ndipo tungeshauri kujaribu za nusu-kusimama kwenye waya, mche mmoja kwanza, ukiulaza. Subiri misimu miwili ya kuzaa kabla ya kupanda mstari mzima. Baridi hiyo hiyo huchelewesha zinazozaa kwenye ufito mpya, kwa hiyo huko zikate Julai mapema.

Uko kwenye udongo mweusi, Syokimau hadi Athi River: tuta au pipa kwanza, aina baadaye. Joto la huko ni juu kidogo, kwa hiyo kundi lolote utakalochagua lipate neti ya kivuli cha asilimia 30 Februari na Machi, la sivyo vipunje vinavyoelekea jua vitageuka vyeupe.

Unasimamiwa bustani na mtu anayekuja mara moja kwa wiki: za kundi la tatu zinasamehe zaidi, kwa kuwa agizo ni moja tu, kata zote Agosti. Lakini wakati wa kuchuma, mara moja kwa wiki haitoshi kwa kundi lolote, kwa sababu ya nzi. Mtu wa nyumbani lazima ashike ndoo.

Unataka ua wa kuzuia watu: panda kayaba. Blakiberi yenye miiba huzuia, lakini ili izae lazima ukatekate na kupitisha mikono humo kila wiki, na ua unaofunguliwa hivyo hauzuii mtu.

Unafikiria kuuza: panda mimea mitatu ya aina mbili tofauti kwanza, Tupy na mojawapo ya Prime-Ark, uzipime kwa mizani kwa misimu miwili. Andika tarehe ya kupogoa, ya ua la kwanza na ya tunda la kwanza. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama ploti yako inaweza kutoa matunda Januari na Februari, wakati wa ukavu, ambapo yanaiva yakiwa magumu na kufika sokoni mazima.